"Wameichaji akaunti": neno moja la Kiingereza na mizigo yake

Mama mdogo wangu anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Shule aliishia darasa la saba, hesabu za kichwani ananishinda, na kwa simu yake ya batani anasukuma mzigo hadi Kongo. Jumamosi moja alinipigia alfajiri, sauti yake ya mtu mwenye habari njema.

"Mwanangu, benki wameniongezea hela."

"Kiasi gani, mama?"

"Wameandika Kizungu, sijaelewa yote. Ila neno chaji nimeliona. Wameichaji akaunti."

Jioni nikaenda kwake nikausoma ule ujumbe. Kweli, akaunti ilikuwa "charged" shilingi elfu tatu na ushee kwa huduma za mwezi. Yaani wamemkata. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, akaifunga simu kwenye pindo la kanga, kisha akauliza: "Sasa kama wamekata, kwa nini waseme wamechaji?"

Tuwe wakweli, hakukosea kufikiri. Simu ukiichaji inajaa. Betri ya sola ukiichaji inajaa. Akaunti ikichajiwa, kwa nini ipungue? Aliyekosea ni aliyemtumia muuza dagaa wa Kirumba ujumbe wa Kiingereza, lakini hilo tuliache kwanza.

Tangu siku ile nimekuwa nikilisikia neno hilo kila kona. Kijiwe cha kahawa kinabishana kuhusu Manchester City na "chaji" zao 115. Nesi anamwambia ndugu wa mgonjwa, "Msubiri inchaji." Kijana anayetembeza watalii anasimulia alivyosoma kwenye simu kwamba "kiboko alimtoza mvuvi". Watu wote hawa wanazungumzia neno moja, charge, na kila mmoja ameshika kipande chake.

Kwanza tuviweke vipande mezani. Charge ni umeme unaoujaza kwenye betri, na sisi tumelichukua hivyo hivyo tukaliita chaji. Charge ni fedha unayodaiwa kwa huduma: bei, ada, makato. Charge ni shtaka, lile linalosomwa mahakamani. Charge ni dhamana au usimamizi: mtu aliye "in charge" ndiye mwenye kauli mahali hapo. Charge ni baruti inayowekwa kwenye tundu la mwamba kabla ya kulipua, kazi ambayo wenzetu wa migodi ya Geita wanaijua. Na charge ni kumvamia mtu kwa kasi, kama afanyavyo kiboko. Chaji, makato, shtaka, dhamana, baruti, uvamizi. Ukiyatazama hivyo utadhani Waingereza waliishiwa maneno.

Kabla hatujawacheka, tujitazame na sisi. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga deki, tunapiga chafya, tunapiga hodi na tunapiga debe, na katika yote hayo hakuna aliyeumizwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiambiwa kwamba fulani "amepiga chai vikombe viwili", anastahili kuhurumiwa. Wala charge siyo neno lenye maana nyingi kuliko yote kwa Wazungu. Neno lao "set", katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford la mwaka 1989, lilipewa maana zaidi ya 400. Charge ni mtoto mdogo mbele yake.

Lakini charge ina jambo moja linalonifurahisha: maana zake zote, hata zile zinazoonekana kugombana, zilitoka ghala moja. Ukilijua ghala hilo huhitaji kukariri orodha.

Nenda bandari ya Mwanza South siku MV Umoja imetia nanga. Hii ni meli ya mizigo inayobeba mabehewa ya treni, kati ya hapa na Port Bell upande wa Uganda. Behewa linakuja na magurudumu yake, limejaa mzigo, linaingia melini kwa reli, linavuka ziwa, linashuka ng'ambo. Shika picha hiyo: gari na mzigo juu yake.

Warumi walikuwa na neno carrus, maana yake gari la kukokotwa, na neno lenyewe waliliokota kwa Wagalia, watu walioishi kwenye nchi ambayo leo ni Ufaransa. Kutoka carrus likazaliwa tendo carricare: kupakia gari mzigo. Wafaransa wakalilainisha likawa charger, nalo bado kwao maana yake ni kupakia. Mwaka 1066 Wanormani waliokuwa wakisema Kifaransa waliiteka Uingereza, na katika karne zilizofuata maneno ya watawala yakamiminika ndani ya Kiingereza. Karne ya 13 charge tayari ilikuwa imefika, na kazi yake ya kwanza huko ilikuwa kumaanisha mzigo. Mzigo tu, wa kubeba mgongoni au kwenye gari.

Ndugu zake unawafahamu. Gari dogo wanaloliita "car" ni wa ukoo huo. "Cargo", ambayo vijana wa uwanja wa ndege wanaiita kago, ni wa ukoo huo pia, ila yeye alipitia kwa Wahispania.

Sasa chukua neno mzigo, uzipitie maana zote tena. Fedha unayotakiwa kulipa ni mzigo uliotwishwa. Sisi wenyewe tunasema mzigo wa kodi, mzigo wa madeni. Shtaka ni mzigo wa tuhuma, na hata mtaani tunasema fulani amebebeshwa kesi. Usimamizi ni mzigo wa kazi: mwenyekiti mpya akichaguliwa husikii akisema, "Mmenitwisha mzigo mzito, ndugu zangu"? Kiingereza na Kiswahili havijawahi kukaa darasa moja, lakini vimetazama kichwa cha binadamu kilichobeba kitu, vikaona jambo lile lile.

Kwa hiyo mama mdogo na benki yake walikuwa wakizungumzia tendo moja, kupakia. Tofauti ni nani kapakiwa nini. Simu imepakiwa umeme. Akaunti imepakiwa deni. Na deni likipakiwa, fedha inashuka.

Baruti na betri

Umeme uliingiaje kwenye habari za mizigo? Uliletwa na bunduki.

Wazee wa Usukumani wanayakumbuka magobore. Gobore huliwekei risasi ukafyatua mfululizo. Unamimina baruti kwa kipimo, unashindilia, unatia gololi, unashindilia tena, ndipo unalenga. Ukishafyatua, limekuwa tupu na kazi inaanza upya. Kwa Kiingereza ule ushindiliaji uliitwa kupakia bunduki, to charge, na kile kipimo cha baruti kikaitwa charge.

Kwenye miaka ya 1740 watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakichezea kifaa kipya, chupa ya kioo iliyofunikwa bati jembamba ndani na nje, ambayo ukiisugulia umeme inaushika, na ukiigusa inakurusha. Ilibeba jina la mji wa Leiden huko Uholanzi. Fikiria wanaona nini: kitu unachokijaza polepole, kinakaa kimya, halafu kinaachia kwa mshindo mmoja na kubaki kitupu. Wangekifananisha na nini kama si bunduki? Wakasema chupa "imeshindiliwa", na ikirusha "imefyatuliwa". Benjamin Franklin, Mmarekani yule aliyeandika sana kuhusu umeme, alipounganisha chupa kadhaa kwa pamoja akaziita "battery", jina ambalo wanajeshi walikuwa wakiita safu ya mizinga. Kwa hiyo unapomwambia mtoto, "Nenda kaniwekee betri kwenye chaji," unatumia maneno mawili ya kivita kwa mkupuo, na mtoto anaenda zake bila wasiwasi.

Hapa kuna mkanganyiko mwingine, na huu unawasumbua hata waliosoma. Wanafunzi wa fizikia wanafundishwa kwamba chaji ni tabia ya chembe ndogo sana zilizomo ndani ya kila kitu: elektroni ina chaji hasi, protoni ina chaji chanya. Franklin ndiye aliyetuachia hayo majina ya chanya na hasi. Kisha mwanafunzi anarudi nyumbani, anachomeka simu, anaambiwa inajaa chaji. Anadhani zile elektroni zinamiminika ndani na kukaa, kama dagaa kwenye gunia.

Sivyo. Simu iliyojaa na simu iliyozima zina kiasi kile kile cha elektroni. Kinachofanyika ni kama wanavyofanya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Wanavuta maji ya ziwa pale Capri Point, wanayasukuma kwa pampu hadi kwenye matangi yaliyo vilimani. Tangi likijaa, maji hayajaongezeka duniani. Yamepandishwa tu kutoka chini kwenda juu, na kwa kuwa yako juu yana nguvu ya kushuka yenyewe mpaka kwenye bomba lako. Chaja ndiyo pampu. Inasukuma chembe za lithiamu ndani ya betri kutoka upande mmoja hadi wa pili, mahali ambapo zenyewe zisingependa kukaa. Ukichomoa ukaanza kupiga simu, zinarudi kwao taratibu, na kule kurudi ndiko kunakowasha simu. Betri imehifadhi nishati. Chaji yenyewe, kwa maana ya darasani, inatoka mlango huu na kurudi kwa mlango ule.

Na ile 5,000 mAh wanayojivunia wauza simu wa Makoroboi? Hiyo ndiyo hesabu ya chaji inayoweza kupita kabla betri haijaisha: ampea moja kwa saa tano, au nusu ampea kwa saa kumi. Wavuvi wa dagaa walioacha karabai wakahamia taa za betri wanaijua hesabu hii bila kuisoma. Usiku wa giza ni mrefu, na taa ikizimika saa nane katikati ya ziwa dagaa wanaondoka.

Hapa nina dokezo moja ambalo halina faida yoyote sokoni ila siwezi kuliacha. Kiswahili kina neno shehena, kutoka Kiarabu, na tunasema lori limesheheni mahindi. Waarabu wa leo, kwa mzizi huo huo, wanaita usafirishaji wa mizigo shahn, na kuchaji simu wanakuita shahn vilevile. Chaja yao ni shahin, lori lao ni shahina. Nao wameifikia picha ile ile ya kupakia. Tungetaka, leo tungekuwa tukisema "simu yangu imesheheni" badala ya imejaa chaji, na mama mdogo asingekanganyikiwa hata kidogo. Lakini neno la mtaani likishatangulia hulitoi.

Fedha: nani anakukata, na kwa jina gani

Kiingereza kina uvivu fulani katika fedha. Charge inaweza kuwa karibu malipo yoyote. Kiswahili kinadai useme ni yapi. Ukipanda daladala ya Igoma unalipa nauli. Shuleni unalipa ada. Sokoni unalipa ushuru. Serikali Kuu inachukua kodi. Ukikosea barabarani ni faini. Benki na kampuni za simu wanachukua makato. Mwenye kibanda cha kuchajia simu kisiwani Ukara anachukua bei tu, wala hana haja ya jina.

Ubaguzi huu wa maneno una faida. Ilionekana mwaka 2021. Tarehe 15 Julai mwaka ule ilianza tozo ya serikali kwenye miamala ya simu, iliyofika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja mkubwa, na baadaye ikapunguzwa zaidi ya mara moja. Vijiweni kila mtu alikuwa akilaumu mtandao wake wa simu. Wakala wa karibu na kwangu alikuwa akitukanwa kila siku kana kwamba fedha ile analala nayo. Katika muamala mmoja kulikuwa na vitu viwili: makato ya kampuni, yaliyokuwepo tangu zamani kama malipo ya huduma, na tozo, iliyokuwa ikienda serikalini. Aliyeviita vyote "chaji" hakuweza kujua amlalamikie nani. Aliyesema "makato ni haya, tozo ni hii" alijua.

Kwa hiyo ukiona ujumbe wenye "charge" ya fedha, usiutafsiri kwa kuchaji. Uliza tu: hii ni makato, ada, faini au tozo? Na ukiona "free of charge", maana yake ni bure. Haihusiani na chaji ya bure ya simu, ingawa nimemwona mtu na kebo yake mkononi akiiulizia kwenye hoteli moja mjini hapa kwa sababu ya bango hilo. Mhudumu, kwa ustaarabu wake, alimwonyesha tundu la ukutani.

City na zile 115

Makato ni jambo la shilingi elfu mbili tatu. Shtaka ni jambo la heshima ya mtu.

Februari 2023 Ligi Kuu ya England ilitangaza kuwa imeifungulia klabu ya Manchester City mashtaka ya kukiuka kanuni za fedha, na hesabu iliyoshika kwenye vyombo vya habari ni "115 charges". Klabu ilikanusha. Shauri lilianza kusikilizwa mbele ya jopo huru Septemba 2024. Sasa sikiliza kijiwe chochote cha kahawa hapa Mwanza: "City wana makosa mia moja na kumi na tano." Wapenzi wa Arsenal ndio wanaoipenda tafsiri hiyo, na siwashangai.

Lakini charge siyo kosa. Charge ni dai kwamba kosa limetendeka, lililoandikwa rasmi na kupelekwa mbele ya mwamuzi. Kiswahili cha mahakama zetu kina ngazi zinazoeleweka kabisa, ni sisi tunaoziruka. Polisi wakimshuku mtu, huyo ni mtuhumiwa. Akifikishwa mahakamani akasomewa hati ya mashtaka, amekuwa mshtakiwa. Hapo ndipo Kiingereza kinasema "charged". Ushahidi ukisikilizwa na hakimu akaridhika, ametiwa hatiani. Kisha inakuja adhabu, na akipelekwa jela ndipo anaitwa mfungwa. Anayekaa gereza la Butimba akisubiri kesi yake ni mahabusu, siyo mfungwa, hata kama ukuta ni mmoja.

Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inakataza kumtendea mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kama mkosaji kabla haijathibitika kuwa ana hatia. Kwa hiyo kichwa cha habari kinachotafsiri "charged with theft" kuwa "mwizi afikishwa mahakamani" kimetoa hukumu mbele ya hakimu. Vichwa vya namna hiyo ninavisoma kila wiki.

Jambo jema ni kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama nchini, isipokuwa pale ambapo haki inahitaji Kiingereza kitumike. Zamani mtu wa Magu angeweza kusimama kizimbani akisikiliza shtaka lake mwenyewe kupitia kwa mkalimani. Hapo neno charge lilikuwa likimpitia juu ya kichwa, na mzigo ukabaki kichwani.

Inchaji, mfawidhi na mwenye dhamana

Nesi aliyesema "msubiri inchaji" alikuwa na maana ya msimamizi wa wodi. Neno limeshakuwa la Kiswahili cha hospitali na sina ugomvi nalo. Ila lina mwenzake mzuri ambaye umemsoma kwenye milango mingi ya ofisi bila kumtambua: mfawidhi. Mganga mfawidhi, hakimu mfawidhi, jaji mfawidhi, afisa mfawidhi. Ni neno la asili ya Kiarabu, na maana yake ni aliyekabidhiwa madaraka. Wanadiplomasia nao wana cheo cha Kifaransa, chargé d'affaires, yaani aliyetwishwa shughuli za ubalozi wakati balozi hayupo. Sisi tunamwita kaimu balozi, tunamaliza.

Shida inaanza na neno dhamana. Waziri anayeshughulikia uvuvi anaitwa waziri mwenye dhamana ya uvuvi, na hapo dhamana ni ile "in charge". Lakini mshtakiwa aliyeruhusiwa kulala nyumbani wakati kesi ikiendelea naye yuko nje kwa dhamana. Rafiki yangu mtafsiri aliwahi kuletewa sentensi ya Kiingereza iliyosema kwamba mtu aliye "in charge" wa ghala alikuwa "charged" na kuachiwa kwa dhamana. Rasimu yake ya kwanza ilisomeka: "Mwenye dhamana ya ghala ameshtakiwa na yuko nje kwa dhamana." Aliisoma mara mbili, akaenda kunywa chai. Aliporudi aliandika "msimamizi wa ghala". Hapo kosa halikuwa la Waingereza. Lilikuwa letu wenyewe.

Kuhusu kiboko nitasema machache. "The hippo charged" maana yake kiboko alikuja mbio kumvamia mtu, basi. Maana hii nayo inaelezwa kupitia silaha: mkuki wa mpanda farasi ukishawekwa sawa tayari kwa pambano, kinachofuata ni kukimbia mbele. Programu za kutafsiri zinapokutana nayo zinachukua maana ya fedha, na ndiyo maana kiboko wa yule kijana alikuwa akitoza. Kwenye mpira pia, mchezaji akimsukuma mwenzake kwa bega anasemwa "amemcharge". Kanuni inaruhusu bega kwa bega kama hakuna uzembe wala nguvu kupita kiasi, na tusiendelee zaidi kwa sababu hapo mjadala hauishi.

Kushusha

Mzigo ukipakiwa lazima ushushwe mahali. Kiingereza kikiweka "dis" mbele ya charge kinapata discharge: kushusha. Bandarini ndivyo wanavyoandika kwenye karatasi za meli, upande mmoja kupakia, upande mwingine kushusha. Betri inayoishiwa inashusha. Gobore lililofyatuliwa limeshusha. Kiwanda kinachotiririsha maji machafu ziwani, nacho kinashusha.

Mahakamani neno hili ni la hatari kuliko charge yenyewe. Mshtakiwa akiwa "discharged", mzigo wa shtaka umeshushwa chini, lakini haujatupwa. Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kusema hana nia ya kuendelea na kesi, mshtakiwa akaachiwa, kisha siku nyingine akakamatwa tena kwa jambo lile lile. Akiwa "acquitted", ameachiwa huru baada ya kuonekana hana hatia, na kwa kosa hilo hawezi kushtakiwa upya. Kinachobaki ni upande wa mashtaka kukata rufaa. Magazeti yetu yanaandika "aachiwa huru" kwa yote mawili. Ndugu wanapika pilau, na baadaye wanaambiwa mtu wao yuko kituoni. Ningekuwa mhariri ningeandika "aachiwa" kwa la kwanza, na neno "huru" ningelitunza kwa la pili tu.

Wiki mbili baada ya habari ya akaunti, mama mdogo alinipigia tena. Jirani yake alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji mdogo wa mguu na amerudi na karatasi ya hospitali. Kwa kuwa sasa mimi ni mtaalamu wa chaji, nimeitwa. Juu ya karatasi iliandikwa "discharged", na tarehe. Chini, kwa mwandiko wa daktari, iliandikwa "no discharge".

Nyumba ilikuwa imegawanyika. Mtoto wa kwanza alisema mzee ameruhusiwa. Wa pili, aliyefika kidato cha nne, alisema hapana, hapa chini wamekataa, arudishwe wodini kabla mambo hayajaharibika. Bodaboda ilikuwa imeshaitwa na inasubiri nje, inahesabu dakika.

Nikaishika ile karatasi. Mgonjwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, nikasoma. Kidonda hakitoi usaha.

Mama mdogo aliitazama karatasi, akamtazama mzee aliyekuwa kimya kwenye mkeka muda wote huo. "Kwa hiyo yeye ameshushwa," alisema, "na kidonda hakijashusha." Kisha akatoka nje kumlipa bodaboda hela ya kusubiri.